Mkono wa Kushikia

Gazi, Kwale

Mpwa wangu mpenzi,

Mamako hajambo, na magoti ya nyanyako yamepoa kidogo, alhamdulillahi.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mmepewa kazi ya kubuni roboti ya kumsaidia fundi mwenye ulemavu, nawe umechora mkono wa chuma unaoranda mbao wenyewe mwanzo hadi mwisho, fundi amekaa kando anabonyeza kitufe. Mchoro ni mzuri. Lakini huyo fundi sijamwona ndani yake.

Habari ya vidole vyangu waijua. Ya siku ya pili yake sikukueleza. Msumeno wa umeme uliponikata vitatu vya mkono wa kushoto, katika karakana moja ya Mombasa, msimamizi alinilipa siku zangu akaniambia nirudi Gazi nikapumzike. Nilikuwa na miaka 34. Mkono wa kulia mzima, macho mazima, na mti wa mwembe nilikuwa naujua kwa mlio wake chini ya tezo. Kilichopungua ni mkono wa kushikia, basi.

Mhunzi akanifulia jiliwa, nikalifunga kwenye gogo. Taruma, ule ubavu wa dau, likikazwa humo halitikisiki. Shida ni kwamba taruma limepinda: kila mapigo matatu manne lataka kugeuzwa kidogo, kuinuliwa kidogo, na jiliwa halijui kugeuza. Nimegeuzia goti, nimegeuzia kidevu, mwisho namwita mdogo wako aache daftari lake aje anishikie. Hiyo ndiyo kazi ninayoitakia roboti. Ishike. Nikisema geuza, igeuze, kisha itulie nichonge mimi.

Wewe mwenyewe umenitajia Colgate na Peshkin wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani. Mashine walizozibuni mwaka 1996 hazikuwa na nguvu ya kujisukuma. Nguvu zilitoka kwa mfanyakazi, mashine ikamwelekeza tu asiende upogo. Mwanangu, huo ni usukani! Anayepiga kasia ni mtu. Hata mikono ambayo Universal Robots ya Denmark ilianza kuiuza mwaka 2008, ingawa inajisukuma, imeundwa isimame ikimgonga mtu, ndipo anaweza kukaa nayo meza moja bila uzio.

Na mkahawa wa DAWN wa Tokyo, uliofunguliwa mwaka 2021, umenitoa machozi. Mtu yuko kitandani kwake, mwengine hawezi kusogeza ila macho, na roboti ya OriHime anayoiongoza kutoka hapo inamhudumia mteja kwa niaba yake. Mteja azungumza na mtu, na ujira ni wa mtu.

Sheria yetu ya Kenya ya 2025 yamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi atenge nafasi 5 katika kila 100 kwa watu wenye ulemavu. Ni jambo la haki. Lakini sheria yamfikisha mtu mlangoni; akikuta meza imempita kichwa akiwa kwenye kiti chake cha magurudumu, atarudi nyumbani kama nilivyorudi mimi.

Kwa hiyo kabla hujachora tena, nenda karakana za Bombolulu, Mombasa. Tangu 1969 watu wenye ulemavu wamefanya kazi pale, wakiunda mapambo, wakishona, wakitengeneza viti vya magurudumu. Omba ruhusa ukae na fundi mmoja asubuhi nzima. Usianze kwa kumuuliza ataka mashine gani. Tazama ni mkono upi unaochoka, na meno anayatumia kushikia nini.

Halafu ukumbuke chumvi. Hapa Gazi chuma hakimalizi mwaka bila kutu, na stima hupotea tezo ikiwa hewani. Roboti ikipotewa na stima isiachie taruma. Ibaki imeshika hapo hapo, la sivyo taruma litaniangukia mguuni.

Likizo ikifika, njoo na futi kamba upime kimo cha gogo langu na urefu wa mkono wangu. Dau la jirani liko ufuoni, mataruma sita bado.

Wasalaam,
Mjomba wako