Kasri la Grogan: Jumba Lililotazama Mkonge

Ukitoka Oloitokitok na kupita Illasit, barabara hukufikisha Rombo. Ile ya Kajiado, si ile ya Tanzania ng'ambo ya mpaka. Mkono wa kulia Mlima Kilimanjaro unakusindikiza. Endelea kupitia Njukini hadi Taveta, kisha ushike njia ya Voi. Baada ya mwendo mfupi utaona kilima kimesimama peke yake tambarareni, na juu yake jumba. Hilo ndilo Kasri la Grogan.

Mwenyewe alikuwa Mwingereza, Ewart Grogan, aliyelijenga katika miaka ya 1930 alipokuwa na mashamba makubwa ya mkonge hapa. Usitarajie minara wala handaki kama ngome za Ulaya. Hii ni nyumba ya mlowezi, yenye sebule kubwa ya mviringo. Umbo hilo lina maana yake: ukiwa ndani unaona Kilimanjaro upande mmoja na Ziwa Jipe upande mwingine. Bwana shamba aliweza pia kuutazama mkonge wake bila kushuka kilimani.

Grogan alivuma alipovuka Afrika kutoka Cape hadi Cairo kati ya 1898 na 1900, sehemu kubwa kwa miguu, ili akubaliwe kumwoa Gertrude Watt. Hospitali ya watoto ya Gertrude's jijini Nairobi, iliyoanza 1947 kwenye ardhi aliyoitoa, ina jina la mkewe huyo.

Lakini ni Grogan huyohuyo ambaye mwaka 1907 aliwacharaza viboko hadharani, mbele ya mahakama ya Nairobi, Waafrika waliokuwa wakivuta mikokoteni ya abiria. Alihukumiwa kifungo.

Je, jumba la mtu kama huyo litunzwe? Wapo watakaosema liachwe libomoke. Mimi nasema litunzwe, ila lisimuliwe lote. Mkonge haukujikata wenyewe. Waliokata ni vibarua ambao majina yao hayakuandikwa popote. Na baada ya Uhuru, suala la nani amiliki ardhi ya mashamba haya liliendelea kuwasumbua wakazi wa Taveta wasio na hati.

Kwa hiyo mzazi, ukiwapeleka watoto huko, omba ruhusa kwanza, maana si mali ya umma. Waache wafurahie Kilimanjaro. Kisha waelekeze macho chini ya kilima, uwaulize: nani aliishi kule?