Mtambo Mmoja na Vyombo Vyetu vya Pombe

Pengine wasomaji watashangaa kuona mwalimu wa dini anaandika habari za kupika pombe. Wasishangae. Bwana wetu alipokwenda arusini Kana hakuwaambia wenyeji wafunge ghala. Katika Kitabu cha Ibada cha Kirumi imo baraka ya pombe ya nafaka. Nilipoiona mara ya kwanza katika seminari nilicheka, halafu nikanyamaza. Na huko Ubelgiji watawa Watrapisti wa Westmalle walianza kutengeneza bia mwaka 1836, na wale wa Chimay mwaka 1862, bila kuacha sala zao za usiku na mchana. Ulevi ni dhambi, nami nitausema siku nyingine. Chungu si dhambi.

Hapa Runingu, katika bonde la Ruzizi, wapishi wa pombe niwajuao karibu wote ni akina mama, na wengi wao ni wajane. Karo ya shule hutoka katika pombe hiyo, na sabuni, na dawa, hata sadaka ya Jumapili. Kwa hiyo kikundi kimoja cha mama kumi na mmoja wa jumuiya yetu waliponiita baada ya Misa, nikae nao chini ya mwembe niwasomee karatasi fulani, nilikaa.

Karatasi yenyewe ilitoka kwa kijana wa mmoja wao, aliyeko Kanada. Alikuwa ameona huko mtambo wa kupikia pombe, chombo kimoja kinachofanya kazi zote. Aliahidi kulipa nusu ya bei, na kikundi kilipe nusu kwa fedha za likilemba yao. Fedha hizo waliziweka kidogo kidogo kwa miaka miwili. Hapo ndipo penye uzito wa habari hii, maana wajane hawana miaka miwili mingine ya kuchezea.

Tuangalie kwanza vyombo walivyo navyo. Kwa kasikisi, yaani pombe ya ndizi, mambo ni mepesi: shimo la kuivishia ndizi lililotandikwa majani ya mgomba, mtumbwi wa mti, nyasi za kukandia na kuchujia, na unga kidogo wa mtama uliokaangwa. Kwa mandale, pombe ya nafaka, kazi ni nzito. Pana pipa lililokatwa katikati, mafiga matatu, mwiko mrefu kama kasia, gunia la kuchujia, na bidoni za manjano. Pipa hilo zamani lilikuwa la mafuta ya gari. Bidoni ilikuwa ya mafuta ya mawese, au ya kitu ambacho muuzaji hakukitaja. Na pombe ina uchachu, na uchachu hula madini: ndoo ya bati lenye zinki ikikaa na pombe chachu, zinki huingia katika kinywaji na mnywaji hutapika. (Wale wanaopitisha mvuke wa kanyanga katika rejeta kuukuu ya gari wananywesha watu risasi. Siwasemi zaidi ya hayo.)

Tena pana maji. Uji wa pombe huchemshwa vizuri sana, hata mdudu mmoja hasaliki. Kisha, kwa kuwa mama ana haraka upoe, humimina ndani yake maji mabichi ya mtoni. Basi moto wote ule umekuwa bure. Sisi wa Uvira na kando ya ziwa twaijua kolera. Hatuhitaji kufundishwa jina lake. Na mwaka jana mama mmoja wa kikundi aliungua miguu yote miwili walipokuwa wakiinua nusu-pipa kulitoa motoni. Hata leo anapiga magoti kanisani kwa shida.

Sasa mtambo. Hao wa ng'ambo wanaojipikia bia nyumbani nao walianza kama sisi: sufuria ya jikoni, ndoo, mfuko wa kitambaa, sanduku la baridi lililotobolewa tundu. Wakachoka kuhamisha maji ya moto kutoka chombo hiki kwenda kile. Ndipo viwanda vikawatengenezea chombo kimoja. Kampuni ya Speidel ya Ujerumani inauza wake uitwao Braumeister. New Zealand ulitoka mwingine uitwao Grainfather. Ni mtungi wa chuma kisichoshika kutu. Chini yake mna umeme wa kupashia moto, ndani mna kikapu cha kimea, na pampu ndogo huzungusha maji yapite katika kimea, tena na tena. Kipimajoto kinalinda moto usipande wala kushuka. Kimea kikimaliza kazi, kikapu huinuliwa, na mtungi ule ule huchemsha. Mwisho bomba lililozungushwa kama nyoka hupitisha maji baridi ndani yake, pombe inapoa bila kuguswa na tone la maji hayo.

Mambo mawili hapo niliyasifu mbele yao. La kwanza ni bomba hilo la kupozea, kwa sababu ya kolera. La pili ni kipimajoto. Kimea kina nguvu ya kugeuza unga kuwa sukari, nayo hufanya kazi vizuri kati ya digrii 60 na 70. Maji yakiwa baridi, nguvu hiyo inalala, yakichemka, inakufa. Mama mzee hutia kidole, na kidole chake hakikosei mara nyingi. Lakini binti yake hana kidole hicho, na kidole hakirithiwi.

Mama mzee mwenyewe akauliza, “Mwalimu, mashine hiyo inakunywa nini?”

“Umeme, mama.”

“Basi hapa itakufa kwa kiu.”

Wakacheka, lakini alisema kweli. Karatasi iliandika wati 2,000. Vile vibao vya jua vinavyouzwa madukani, vya wati 100, vingehitajika ishirini, na jua la saa sita kamili, ili kuupa mtungi mmoja wa lita 30 chakula chake, nao ungekaa zaidi ya saa nzima kabla ya kuchemka. Lita 30! Pipa lao hutoa zaidi ya mara tatu ya hizo.

Jambo jingine hawakuliona wao, nami nililiona kwa kusoma polepole. Mtambo ule umetengenezwa kwa ajili ya shayiri iliyovunjwa vunjwa, ambayo maganda yake huacha njia ya maji kupita. Mandale ni unga wa mahindi na wa mihogo. Unga utaziba kikapu, utaziba pampu, utashuka chini ya mtungi na kuungulia hapo penye umeme. Na ndizi haiujui kabisa mtambo huu, kwani maji ya ndizi yana sukari yake tayari. Tena barabara ya Uvira ikifungwa kwa vita, kama tulivyozoea, pampu iliyokufa itangoja vipuri kutoka nchi gani?

Niliwaambia wasinunue. Mama mwenye mtoto Kanada alinuna, na sikumlaumu. Alikuwa amejivunia mwanawe mbele ya wenzake. Ila sikuwaambia warudi kwenye pipa la mafuta. Mtambo ule una akili ndani yake, na akili yaweza kutolewa bila umeme. Walinunua sufuria moja kubwa ya chuma kisichoshika kutu, yenye kifuniko. Fundi wa Uvira aliitoboa karibu na kitako akafunga bomba la kufungulia kwa mpira na nati, ili pasiwe na kuinua kitu kimoto tena. Ndani waliweka sahani yenye matundu ya kuzuia machicha. Jiko la udongo lilijengwa kuizunguka, nalo lala kuni chache kuliko mafiga. Bomba la kupozea ni la shaba, limezungushwa kwa mkono, na maji ya mtoni hupita humo kutoka bidoni iliyowekwa juu ya meza. Haiwi baridi kama ya Wazungu, maana pombe haiwezi kupoa kuliko maji yanayoipoza, na bonde letu ni la joto. Yatosha. Kijana wa Kanada, alipoelezwa, alituma vipimajoto viwili. Kimoja kilivunjika njiani.

Sufuria inakaa nyumbani kwa aliyeungua miguu, kwa shauri la wote. Kila mama ana zamu ya siku mbili, na Jumapili haipandi motoni. Mama mzee bado anakanda ndizi zake katika mtumbwi, zamu yake ya sufuria ameiazima kwa binti yake. Sasa wanabishana juu ya machicha: ni ya mwenye zamu, au ni ya nguruwe wa kikundi? Wameniita tena chini ya mwembe Jumapili ijayo.