Adabu ya Kutoka

Elimu yangu ni ya lugha, si ya mitambo. Kwa miaka mingi nimewafundisha vijana ngeli na vitenzi, wala sikudhani kuwa kompyuta ingenifundisha adabu. Ilinifundisha, lakini gharama ya somo alilipa mtu mwingine.

Mwanafunzi wangu mmoja alitunga programu ya kuhesabu maneno katika maandiko ya zamani ya Kiswahili. Aliiweka ndani ya kontena la Docker, chombo kilichotolewa hadharani mwaka 2013. Kontena hili si sanduku la bandarini. Ni chumba kilichotengwa ndani ya kompyuta, ambamo programu hufanya kazi pamoja na mahitaji yake yote bila ya kugombana na jirani zake. Kazi ilikuwa katika siku ya tatu, na hesabu yote ilikuwa katika kumbukumbu ya muda, haijahifadhiwa popote.

Usiku nilitamani kujua imefika wapi. Katika dirisha la amri niliandika docker attach, na mara nikaona mistari ya hesabu ikipita. Nilipotosheka nikabonyeza Ctrl na C, kama mtu afungaye kitabu. Mistari ikakoma. Kontena likazimika.

Kosa lilikuwa dogo kwa kidole, kubwa kwa matokeo. Amri ile haikuniweka mlangoni kama mtazamaji. Iliiunganisha kibodi yangu na programu kuu, ambayo ndiyo moyo wa kontena. Nilichobonyeza kiliifikia kama ishara ya kukatiza kazi, nayo ikatii. Moyo ukisimama, kontena husimama. Kumbe njia za heshima zilikuwapo. Kontena lililowashwa kwa -i na -t, kama lilivyokuwa lile, huachwa salama kwa Ctrl na P, kisha Ctrl na Q. Mwenye haja ya kufanya jambo ndani hutumia docker exec, amri iliyoongezwa mwaka 2014, ambayo huanzisha programu nyingine kando ya ile kuu. Akiifunga, hafungi ila yake. Na kwa mwenye kutaka kutazama tu, docker logs humtosha.

Asubuhi nilimwita kijana nikaungama. Alinyamaza kitambo, kisha akasema: "Mwalimu, nami nina kosa. Ilinipasa kuhifadhi hesabu kila saa." Upole wake uliniumiza kuliko lawama.

Tangu siku hiyo najiuliza ni mara ngapi nimeingia katika fikira za mwanafunzi kwa kalamu nyekundu, nikatoka nimezizima, nami nikidhani nilikuwa nikitazama tu. Sisi hufundishana kupiga hodi tuingiapo kwa watu. Ni wachache wanaofundishwa kutoka bila ya kumzimia mwenyeji taa.