Meza ya Tanga

Nottingham, Jumamosi 5 Oktoba 2024

Nimenunua povu gumu la buluu, lile mafundi wanalolaza chini ya sakafu kuzuia baridi. Unene milimita 50. Lile jeupe linalokuja na televisheni silitaki. Nalijua tangu utoto, ndilo maboya ya wavuvi wetu, na ukilitia kisu linamomonyoka punje punje. Hili la buluu limeshikana, linakubali kuchongwa.

Vipande sita, kila kimoja sentimita 60 kwa 60. Juu yake tutacheza kwa visanamu vita vya Tanga vya Novemba 1914, Waingereza dhidi ya Wajerumani. Klabuni kwetu, tunakocheza michezo ya vita, wamezoea kusimamisha mitende minne juu ya kitambaa cha kijani wakasema hiyo ni Afrika. Safari hii sikubali. Pale ni kwetu.

Jumanne 8 Oktoba, usiku

Hesabu. Visanamu vyetu vina urefu wa milimita 15, karibu moja kwa mia. Kutoka Ras Kazone, walikotua Waingereza na majeshi yao ya Kihindi, hadi mjini ni kama kilomita tatu. Kwa kipimo hicho ningetaka meza ya mita 30, nami ninayo ya mita 1.8. Ardhi lazima ikunjwe. Nimefuta barabara, nimefuta nusu ya mashamba. Vimebaki vitu vitatu ambavyo bila hivyo vita vile havieleweki: mwinuko wa pwani, mashamba ya mipira na minazi, na mtaro wa reli mashariki ya mji. Waliotua walikuwa wapata 8,000. Von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alikuwa na watu wapata 1,000, na wengi wao ni askari weusi walioteremshwa kwa treni kutoka Moshi. Anayesahau reli hajaielewa Tanga.

Jumapili 13 Oktoba

Siku nzima ya kuchonga. Waya wa nikromu ukishapata moto unapita kwenye povu kama uzi kwenye ugali. Moshi wake ni sumu, kwa hiyo dirisha wazi, koti mwilini.

Mtaro wa reli nimeuchonga mara mbili. Mara ya kwanza kingo zake zilisimama kama zinavyopaswa kusimama, na visanamu vyote vikaporomoka. Sasa nimekata vidato vya sentimita tatu, askari apate pa kusimama. Mawe ya pwani nimeyapata kwa kufinyanga karatasi ya alumini kuwa tonge na kulibingirisha juu ya povu kwa nguvu. Linaacha vishimo vilevile vya matumbawe. Nilikaa nikivipapasa kwa kidole.

Chembe zimetapakaa sebuleni. Ufagio unazirusha tu, nimezifyonza kwa mashine. Nisingependa hata moja ifike baharini.

Jumatano 16 Oktoba

Nimempigia mjomba.

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba, mwanangu. Bado unachonga?”

Nikamweleza ufuo wangu wa mchanga mweupe. Akanikatiza: “Mchanga gani? Pale ni majabali na mikoko. Wale watu walikanyaga tope kabla ya kukanyaga nchi kavu.”

Ni kweli. Nimeukwangua mchanga wote. Mikoko nitaitengeneza kwa nyuzi za shaba zilizosokotwa, mizizi nje.

Jumapili 20 Oktoba

Kosa. Nilichukua rangi ya kopo nikapuliza moja kwa moja juu ya kipande cha pwani. Viyeyushi vyake vinakula povu la aina hii, na nilikuwa nalijua hilo. Kwa dakika chache jabali la Ras Kazone lilikuwa limeyeyuka. Nimekikata kipande kile, nachonga upya. Vingine vyote nimevipaka gundi nyeupe ya seremala iliyochanganywa na rangi nyeusi ya maji, juu na chini. Ukipaka upande mmoja tu, kipande kinapinda kikikauka.

Jumamosi 26 Oktoba

Miti ya mipira 84. Nimeipanda kwa mistari iliyonyooka kwa sababu ni shamba, si msitu. Nilipoinamisha jicho usawa wa meza nikaelewa jambo ambalo vitabu havikunifundisha: ukitazama sambamba na mistari unaona hadi mwisho, ukitazama mshazari huoni hatua kumi. Mtu asiyejua shamba lile, aliyetoka kwenye meli baada ya safari ndefu, angemtambuaje aliye mbele yake?

Mizinga ya nyuki nimeikata kutoka njiti za mishikaki na kuitundika mitini. Risasi ziliwachokoza nyuki, wakauma watu wa pande zote mbili. Sitakubali kanuni ya mchezo inayowafanya nyuki kuwa jeshi la upande mmoja.

Jumamosi 2 Novemba

Leo ni miaka 110 tangu meli zitokee mbele ya mji. Kabla ya dadu kurushwa niliwaambia wenzangu kwamba Tanga kuna makaburi ya watu hawa, Wahindi, Waingereza, Wajerumani na askari wetu, na kwamba nataka tucheze kwa adabu. Wote waliitikia.

Wahindi walivuka mtaro mara moja, wakarudishwa. Hakuna kisanamu kilichoporomoka. Kidato kimoja kimebanduka upande wa kaskazini; kesho nitakitia gundi.