Daktari Ndani ya Simu

Leo sitaandika juu ya mpira wala mitihani. Nataka kukueleza habari za pumzi ya nyanya yangu.

Sisi humwita Koko, kama nyanya anavyoitwa kwa Kimaasai. Anaishi ndani ndani huko Il Bissil, karibu saa nzima kwa pikipiki kutoka barabara ya lami. Ana ugonjwa sugu wa mapafu, ule wa njia za hewa kuziba pole pole. Hajavuta sigara hata siku moja. Alichovuta ni moshi. Nyumba yetu ya asili, enkaji, hujengwa kwa fito na samadi, dirisha lake ni tundu tu, na moto huwaka humo humo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 shirika la Intermediate Technology lilifanya kazi na kina mama wa Kajiado kuweka madirisha makubwa na dohani. Boma la Koko halikufikiwa. Na si yeye peke yake: Shirika la Afya Duniani linasema ugonjwa huu uliua watu kama milioni 3.5 duniani mwaka 2021.

Sasa fikiria safari ya kliniki. Anaamka usiku, anapanda pikipiki, kisha matatu hadi Kajiado mjini. Akitumwa Nairobi, inabidi alale kwetu Kitengela, kilomita kama 50 mbele. Kila hatua kumi anasimama kutafuta hewa. Yote hayo ili aulizwe maswali ya dakika tano. Siku moja, katika hospitali ambayo sitaitaja, aliambiwa daktari hayuko, arudi wiki ijayo. Ati wiki ijayo, kama mtu anayekaa ng'ambo ya barabara!

Ndipo daktari mmoja mwenye utu akasema maswali hayo anaweza kuyauliza kwa simu. Wazee wengine walicheka. Lakini jambo lenyewe si geni. Amref ilianzishwa mwaka 1957 kama huduma ya madaktari wa ndege, na katika miaka ya 1960 zahanati za mbali zilikuwa zikiomba ushauri Nairobi kwa redio ya upepo.

Likizo ya Aprili nilikuwa kwa Koko, basi nikawa mkalimani. Daktari alitaka kumwona akitumia inhela yake ya buluu. Koko akaipuliza mdomoni kama anayepulizia mbu dawa, akafunga mdomo. Kumbe dawa yote ilikuwa ikiishia ulimini! Hakuna aliyewahi kumtazama akiitumia. Daktari akatuambia tuchukue chupa ya plastiki ya nusu lita, tutoboe chini tundu la kutosha mdomo wa inhela. Daktari Heather Zar wa Afrika Kusini na wenzake walionyesha mwaka 1999, kwa watoto wenye pumu, kwamba chupa kama hiyo inasaidia sawa na kile kifaa cha dukani. Unatikisa inhela, unatoa pumzi, unabonyeza, unavuta taratibu kupitia chupa, unazuia pumzi ukihesabu hadi kumi. Usiku ule Koko alilala bila kuketi kitandani.

Hata hivyo, sikubaliani na wale wanaosema simu itamaliza shida. Simu haiwezi kupima nguvu ya pumzi. Mashine ya kupuliza iko hospitalini, na mgonjwa ambaye midomo imebadilika rangi ni wa kukimbizwa, si wa kupigiwa. Tena unajua tulipata wapi mtandao? Juu ya kilima. Mgonjwa wa pumzi kupandishwa kilima ili aulizwe hali ya pumzi! Koko mwenyewe alicheka hadi akakohoa.

Mimi naona simu hiyo ikae zahanati. Iwe na chaji ya sola, iwe na kile kifaa kidogo cha kubana kidole kupima hewa ya damu, na siku moja maalum ya wagonjwa wa kifua. Sheria ya Afya ya Kidijitali ipo tangu 2023, na mwaka huo huo wahudumu wa afya wa jamii wapatao 100,000 walizinduliwa na kupewa mikoba ya vifaa. Watu wapo basi. Mmoja wao akikaa kando ya Koko, anayejua Kimaasai, atamsaidia kuliko bando la shilingi mia.

Jumanne ijayo ni zamu ya Koko tena. Mimi nitakuwa darasani, hivyo atakayetafsiri ni binamu yangu wa gredi ya saba. Nimemwandikia maswali ya daktari kwenye daftari: je, anafika kisimani bila kusimama? Makohozi ni rangi gani? Wiki hii amebonyeza ile ya buluu mara ngapi?