Mbolezi Katika Mizani

Wimbo una makazi mengi, kama maisha yalivyo na majira mengi. Huzaliwa penye kitanda cha mtoto anayebembelezwa, hukua shambani pamoja na jembe na baharini pamoja na kasia, huvaa mapambo harusini, na mwisho huvua mapambo yake yote ukaketi mkekani na waliofiwa. Wimbo huo wa mwisho huitwa mbolezi. Una tabia moja ambayo nyimbo nyingine hazina: hautaki tuzo. Hapana aliyepata kumwambia mama anayemlilia mwanawe kuwa sauti yake ilikuwa tamu kuliko ya jirani, wala kuwa kilio chake kilistahili alama kadhaa. Lakini tarehe 3 Aprili 1976, katika mji wa The Hague, Uholanzi, mbolezi ilipelekwa sokoni ikatiwa mizanini.

Soko lenyewe lilikuwa shindano la nyimbo la Eurovision, lililoanzishwa mwaka 1956. Nchi 18 zilishiriki safari hiyo. Kila nchi ilileta wimbo mmoja usiozidi dakika tatu, na waamuzi wa kila nchi waligawa alama kwa nyimbo 10 za wenzao: alama 12 kwa uliowapendeza kuliko zote, 10 kwa wa pili, kisha 8, na kushuka hivyo hadi 1. Desturi ya mahali hapo ilikuwa furaha na mapenzi. Ugiriki yenyewe ilipoingia kwa mara ya kwanza, Aprili 1974 mjini Brighton, ilimtuma Marinella kuimba habari za divai, bahari na kijana ampendaye.

Miezi mitatu baadaye dunia ya Wagiriki iligeuka. Tarehe 15 Julai 1974 wanajeshi waliochochewa na utawala wa kijeshi wa Athens walimpindua Rais Makarios wa Kupro. Siku tano baadaye majeshi ya Uturuki yakashuka katika pwani ya kaskazini ya kisiwa hicho. Nchi ikakatwa vipande viwili kama mkate. Wagiriki wa Kupro zaidi ya 160,000 waliacha nyumba zao wakakimbilia kusini. Jirani wakawa hawawezi kuketi katika karamu moja: Uturuki ilipoingia katika shindano kwa mara ya kwanza mwaka 1975, Ugiriki haikuonekana, Ugiriki iliporudi mwaka 1976, Uturuki haikuonekana.

Aliyetumwa mwaka huo alikuwa Mariza Koch, mwanamke aliyekulia katika kisiwa cha Santorini, na aliyekuwa maarufu kwa kuzifufua nyimbo za kienyeji za Wagiriki. Muziki aliutunga mwenyewe. Maneno yaliandikwa na Michalis Fotiadis. Wimbo uliitwa "Panagia mou, Panagia mou", na Panagia ni jina la heshima ambalo Wagiriki humwita Mariamu, mama wa Yesu. Kama mfiwa avyomkimbilia mama, ndivyo mwimbaji alivyomkimbilia Mariamu kutaka faraja. Kisha akawageukia wasikilizaji kama mwenyeji awatembezaye wageni, akawaonya wasidanganywe na macho yao: mahema watakayoyaona si ya watalii, ni ya wakimbizi, magofu si ya kale, ni ya moto wa mabomu, na udongo uliochimbuliwa upya si shamba lililoandaliwa kwa mbegu, ni makaburi.

Mizani ilipotulia, wimbo huo ulikuwa umepata alama 20 na nafasi ya 13. Ushindi ulikwenda Uingereza kwa alama 164, kwa wimbo wa kundi la Brotherhood of Man: mtu mzima anamuaga mtoto wa miaka mitatu na kumwomba amwekee mabusu yake. Nyimbo mbili, na zote mbili za kuagana. Lakini kuaga kwa mmoja kulikuwa na ahadi ya kurudi, na kuaga kwa wa pili hakukuwa nayo. Si haki kuwalaumu waamuzi. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Nao waliitwa kupima utamu, hawakuitwa kupima uchungu. Mwaka uliofuata Ugiriki ilileta wimbo wa mzaha juu ya majina ya sauti za muziki, ikapata nafasi ya 5.

Hata hivyo, alama chache hazikuwa hasara kubwa ya usiku ule. Televisheni ya Uturuki ilionyesha shindano hilo, na zamu ya Ugiriki ilipofika ikaufunika wimbo huo kwa "Memleketim", yaani nchi yangu, wimbo wa Ayten Alpman uliopendwa sana na Waturuki siku za vita vya 1974. Wimbo wa kuilalamikia nchi iliyopotea ulizibwa mdomo kwa wimbo wa kuipenda nchi. Aliyepaswa kuusikia kuliko wote hakuusikia, na jirani wawili wakawa wanaimba kwa wakati mmoja, kila mmoja akijisikiliza mwenyewe.

Na mbolezi yenyewe haikuwa na nafasi kwa kilio cha upande wa pili. Waturuki wa Kupro nao walikuwa wameuawa na kufukuzwa vijijini mwao tangu Desemba 1963. Orodha ya watu waliopotea katika misukosuko ya miaka ile ina majina 2,002: Wagiriki wa Kupro 1,510 na Waturuki wa Kupro 492. Kila jina lina mama. Jicho lililojaa machozi huona msiba wake tu, na hilo si dhambi ya mwenye jicho. Ni udhaifu wa machozi.

Tarehe 23 Aprili 2003 njia ya kuvuka mpaka wa Kupro ilifunguliwa, na watu wakaenda kubisha hodi katika milango waliyoifunga miaka 29 nyuma. Mwezi uliofuata, mjini Riga, Uturuki ilishinda shindano lile, na Kupro iliipa alama 8. Mwaka 2005, mjini Kyiv, Ugiriki ilishinda kwa wimbo wa furaha wa Helena Paparizou, na Uturuki iliipa alama 12. Kisiwa hakikuunganishwa kwa alama hizo, na makaburi mengi yalikuwa bado hayajapatikana. Ila safari hii hapana aliyeufunika wimbo wa mwenziwe. Mbolezi ya 1976 haikuomba alama 12. Iliomba kusikilizwa, na hilo ndilo deni ambalo mizani yo yote haiwezi kulilipa kwa niaba ya sikio.