Gazi Ilipoacha Kuhesabu Korija

Enzi za utoto wa fundi mwashi mmoja wa Gazi, kijiji cha pwani ya Kenya, mkoko wa hapo ulipata bei ukishalazwa chini. Miti ilipangwa ufukweni kwa unene: fito mbali, pau mbali, mazio mbali, boriti mbali, nguzo mbali, kisha ikahesabiwa kwa korija, ishirini ishirini. Hivyo ndivyo miti ya pwani hii ilivyokwenda na majahazi hadi Oman na Ghuba kwa karne nyingi. Hata upana wa vyumba katika nyumba za mawe za Lamu uliamuliwa na urefu wa boriti.

Kenya ilipiga marufuku kuuza boriti nje mwaka 1982. Kwa Gazi, huko Kwale, hasara ilikuwa imeshaingia, kwani miaka ya 1970 mikoko ya ghuba ya Gazi ilikatwa iwe kuni za viwandani, za kuchomea matofali na chokaa. Fundi huyo, akiwa kijana, alipoondoka kwenda kutafuta kazi Mombasa, aliacha upande wa bahari umebaki visiki na mchanga, na wavuvi wakilalamika kwamba kamba wamepungua.

Safari hii amerudi na wajukuu kutembea kutwa. Kutoka kivuko cha Likoni wameshika barabara ya Lunga Lunga, wakapita Ukunda, na kabla ya kufika Msambweni wakakunja kushoto kuingia kijijini.

Kinachowaleta wageni ni daraja la mbao lililojengwa na kina mama wa Gazi ndani ya mikoko. Wao ndio wanaolitunza, wanaotembeza watu, na wanaopika wali wa nazi na samaki kwa anayeagiza mapema. Maji yakiwa yamekupwa, chini ya mbao huonekana tope jeusi, kaa wakikimbilia mashimoni, na mizizi ya mchu iliyochomoza wima kwa maelfu ili ivute hewa.

"Shikamoo, babu," mama anayewaongoza alimwamkia, kisha akaanza kutaja miti. Mzee alikuwa akimdakia kila jina. Mlilana? Huo ni wa mataruma ya mashua. Msikundazi? Mlingoti. Mkoko wenyewe? Boriti. Aliijua miti yote kwa kazi yake baada ya kukatwa. Yule mama aliwaeleza watoto kazi yake ikiwa imesimama: mizizi inayoficha samaki wachanga, tunda la mkoko linaloota likiwa bado mtini kisha likadondoka na kujichomeka topeni, na tope lenyewe, ambalo kwa kukosa hewa huozesha majani polepole mno na kufungia kaboni humo kwa karne nyingi.

Kaboni hiyo ndiyo iliyogeuza hesabu. Baada ya watafiti wa taasisi ya utafiti wa bahari, KMFRI, kupanda upya sehemu zilizokatwa kuanzia miaka ya 1990, wanakijiji wa Gazi na Makongeni walianzisha mradi wa Mikoko Pamoja mwaka 2013. Hekta 117 za mikoko hulindwa, na takriban tani 3,000 za hewa ukaa huuzwa kila mwaka kwa watu na mashirika yanayotaka kufidia moshi wao. Fedha zimeleta maji ya bomba na vitabu vya shule, na matumizi yake huamuliwa na wanakijiji wenyewe katika mikutano. Hapo ndipo penye uzito kuliko hata tuzo ya Equator waliyopata mwaka 2017. Zamani faida ya mti ilipanda jahazini pamoja na mti.

Si kila pengo limezibika. Kwenye ukingo unaopigwa na mawimbi, miche ya mlilana hung'olewa au kufukiwa na mchanga, nayo hupandwa tena. Na mikoko iliyopandwa hujulikana kwa safu zake zilizonyooka, tofauti na ile iliyojiotea.

Mzee alikuwa na swali moja la kifundi: watu wa hapa sasa wanajengea nini? Mama akamwonyesha upande wa bara. Mradi ulipanda mivinje, inayokua haraka, ili kuni na nguzo zipatikane bila kuingia ghubani. Fundi aliusogelea mmoja, akaupima kiganjani, akawaambia wajukuu kwamba unafaa kwa paa, ila upakwe dawa ya mchwa kwanza.